Mchuzi mzito wa soya kwa jiko la Bukavu

Mchuzi ninaoueleza hapa ni ule mweusi, mzito, unaong'aa, wenye chumvi na utamu kwa pamoja, unaofanana na michuzi ambayo wapishi wa Japani na China hupaka juu ya kuku, samaki na mboga. Asili yake si Bukavu, lakini karibu kila kinachohitajika kinapatikana Bukavu: tangawizi na kitunguu saumu vimejaa katika soko la Kadutu, mananasi yanavuka Ziwa Kivu kutoka kisiwa cha Idjwi, na asali haikosekani kwa anayeitafuta. Kitu kimoja tu, yaani sosi ya soya yenyewe, ndicho kinachonunuliwa kwa chupa katika maduka ya vyakula ya mjini. Kwa hiyo ugumu wa mchuzi huu hauko katika kutafuta vitu. Uko katika kuchagua chupa inayofaa na katika kufuata utaratibu wa kuviingiza vitu sufuriani, kwa kuwa viungo vile vile vikimwagwa vyote kwa mara moja hutoa mchuzi wenye chumvi kali, mwepesi na usio na harufu yoyote ya maana.

Tuanze na chupa. Sosi ya soya ya kweli hupatikana kwa kuchachusha. Soya huchemshwa hadi ilainike, ngano hukaangwa na kupondwa, kisha vyote viwili huchanganywa na kupandikizwa ukungu maalumu ambao Wajapani huuita koji; baada ya siku mbili au tatu mchanganyiko huo huzamishwa katika maji yenye chumvi nyingi na kuachwa humo kwa miezi, mara nyingi sita au zaidi. Katika muda huo protini ya soya huvunjika polepole, wanga wa ngano hugeuka sukari, na hapo ndipo rangi ya kahawia, harufu nzito na ile ladha inayokumbusha supu ya nyama huzaliwa. Iko pia njia ya mkato ya viwandani, ambamo soya iliyokwisha kukamuliwa mafuta huvunjwa kwa asidi kwa muda mfupi, halafu hutiwa chumvi, sukari na rangi ya karameli. Sosi ya namna hiyo ni ya bei nafuu na haina ubaya ikiwa imetengenezwa kwa uangalifu, ila ladha yake ni ya upande mmoja: chumvi inatangulia na hakuna kinachofuata.

Utazitofautisha kwa kusoma karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa chupa. Ikiwa orodha yake ni fupi, yaani maji, soya, ngano na chumvi, pengine na pombe kidogo ya kuihifadhi, basi hiyo ilichachushwa. Ukikuta neno la Kifaransa «hydrolysé» au karameli imetajwa mapema katika orodha, jua kwamba unanunua ile ya mkato. Angalia pia kama chupa ni ya sosi nyepesi au nyeusi. Ile nyepesi ya Kichina ina chumvi zaidi na ndiyo inayotakiwa hapa; ile nyeusi ni nzito, ina utamu kidogo, na kazi yake kubwa ni kutoa rangi, hivyo kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa anayependa mchuzi wake uwe mweusi zaidi. Ile ya Indonesia iitwayo kecap manis imekwisha kutiwa sukari nyingi ya mnazi. Ukiitumia, ondoa sukari yote katika maelezo yanayofuata, uonje kwanza, ndipo uamue. Asiyeweza kula ngano atafute chupa ya tamari, sosi ya soya ya Kijapani ambayo kwa kawaida haina ngano, na bado asome karatasi yake, kwa sababu baadhi ya tamari huwekwa ngano kidogo.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uzito wote. Soya hulimwa Kabare na Walungu, na wengi wetu tunayo nyumbani kwa ajili ya uji wa watoto, kwa hiyo ni rahisi mtu kufikiri kwamba anaweza kuichemsha, kuiacha ipate ukungu wenyewe, kisha kuitia katika maji ya chumvi na kungoja. Asifanye hivyo. Ukungu wa koji, ambao wataalamu huuita Aspergillus oryzae, ni wa kufugwa, uliochaguliwa na watu kwa karne nyingi, na hununuliwa ukiwa safi. Ndugu yake wa porini, Aspergillus flavus, anapenda joto na unyevu, hushambulia mahindi na karanga zilizowekwa vibaya, na hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo inadhuru ini na inaweza kuleta saratani yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kuchemsha chunguni hakuiondoi sumu hiyo. Bila koji safi, nunua chupa.

Sasa vipimo. Kwa chupa moja ya mchuzi, yaani mililita 300 hivi, utahitaji mililita 150 za sosi ya soya, ambazo ni vijiko 10 vya chakula, na maji kiasi hicho hicho. Andaa gramu 60 za sukari, ambazo ni vijiko vitano vya chakula visivyojaa sana. Ukipenda asali, tumia vijiko vitatu, kwa kuwa asali ni tamu zaidi na ina harufu yake ambayo ikizidi huifunika tangawizi. Tafuta kipande cha tangawizi chenye unene na urefu wa kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, na kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, ule unaouzwa madukani kwa jina la maizena. Pilipili moja nzima ni kwa anayeipenda. Mafuta ya ufuta, kama yapo, ni kijiko kimoja cha chai mwishoni. Kama hayapo, kaanga ufuta kidogo bila mafuta hadi uanze kurukaruka, uponde, na uunyunyize juu ya chakula. Chumvi haimo katika orodha hii, na haitakuwamo. Sosi ya soya ndiyo chumvi.

Na ni chumvi nyingi, jambo ambalo mpikaji anapaswa kulijua kabla ya kuwasha moto. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina zaidi ya gramu mbili za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku nzima. Kwa vipimo nilivyotoa, kijiko kimoja cha mchuzi uliokamilika kinabaki na gramu moja na kitu. Ndiyo maana maji yamo kwa wingi sawa na sosi, na ndiyo maana wali au ugali utakaoandamana na mchuzi huu upikwe bila chumvi kabisa. Usiongeze pia kibonge cha supu, ingawa mkono umekwisha kuzoea kukitia katika kila sufuria. Kwa mwenye shinikizo la damu, punguza sosi hadi vijiko sita, ongeza maji na tangawizi, na umpe kijiko kimoja tu.

Menya tangawizi kwa ncha ya kijiko badala ya kisu, maana kisu huondoa nyama nyingi pamoja na ganda, kisha ikwangue au uiponde katika kinu. Kitunguu saumu kikatekate vidogo. Ukikiponda sana kitaungua mapema. Chukua sufuria yenye kitako kizito. Kwa anayepikia juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, asubiri makaa yapungue nguvu, kisha ayafunike kwa majivu kidogo, kwa kuwa mchuzi wenye sukari haupendi moto wa kushtukiza: katikati unachemka, pembeni unaungua, na uchungu wa sukari iliyoungua hauondoki kwa dawa yoyote.

Mimina mafuta, na kabla hayajapata moto sana tia tangawizi na kitunguu saumu. Koroga bila kuondoka. Unachotafuta ni harufu, si rangi: mara tu harufu inapokufikia ukiwa umesimama wima, bila kuinamia sufuria, na kitunguu saumu kingali cheupe, ni wakati wa kumimina maji. Tia sukari na ile pilipili nzima bila kuipasua, acha vichemke polepole kwa dakika tano. Hatua hii ya maji peke yake wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa kazi yote. Tangawizi inahitaji muda ili itoe ukali wake, na sosi ya soya haitaki muda: ikichemshwa kwa muda mrefu, harufu zake nyepesi, zile zilizongojewa kwa miezi katika mapipa, huondoka na mvuke, na kinachobaki ni chumvi iliyokolea. Kwa hiyo maji yatangulie na tangawizi, sosi ifuate.

Baada ya dakika hizo tano, mimina sosi ya soya na upunguze moto hadi mchuzi uwe unatoa mapovu machache tu pembeni. Uache hivyo kwa dakika tano hadi saba. Utaona mapovu yakibadilika: mwanzoni ni makubwa na hupasuka haraka, kisha huwa madogo, mazito, yanayokaa juu kwa muda kabla ya kufifia. Hapo chuja mchuzi kwa kichujio cha chai, ukikandamiza masalia ya tangawizi kwa mgongo wa kijiko ili yatoe yote yaliyomo, na urudishe maji hayo sufuriani. Anayependa vipande vya tangawizi mdomoni anaweza kuacha kuchuja, lakini ajue kwamba mchuzi usiochujwa hauwezi kung'aa vizuri na huharibika mapema zaidi.

Sasa uzito. Koroga wanga wa mahindi katika vijiko vitatu vya maji baridi, baridi kweli, hadi pasiwe na donge hata moja. Wanga hutulia chini ya kikombe kwa haraka, hivyo ukoroge tena sekunde ile ile ya kuumimina. Umwage kama uzi mwembamba huku mkono mwingine ukizungusha kijiko sufuriani. Mchuzi utakuwa na wingu kwa muda, rangi yake itafifia kama kahawa iliyotiwa maziwa, na usiogope: wanga ukishaiva, wingu linaondoka na weusi unarudi pamoja na mng'ao. Hapa Bukavu, katika kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100, na wanga wa mahindi hufikia nguvu yake yote karibu na joto hilo hilo. Kwa sababu hiyo usiondoe sufuria mara povu la kwanza linapotokea. Acha mchuzi uchemke waziwazi kwa dakika mbili, ukikoroga, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi na mchuzi utarudi kuwa maji baada ya saa moja.

Kipimo cha uzito ni kijiko chenyewe. Kizamishe, kitoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Kama mstari wa kidole unabaki wazi bila mchuzi kuufunika, umefika. Kumbuka kwamba mchuzi hukaza zaidi ukipoa, hivyo uepue ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani.

Wapo watakaouliza kama unga wa muhogo unafaa. Ule wa ugali haufai, kwa kuwa muhogo wake ulilowekwa na kuchachuka, na harufu hiyo, nzuri mahali pake, hapa itapigana na sosi. Wanga safi wa muhogo, mweupe na laini, unafaa sana. Hung'aa kuliko ule wa mahindi na huiva kwa joto la chini zaidi. Kasoro yake ni kwamba ukichemshwa mno huanza kuvutika kama mlenda, kwa hiyo nusu dakika inatosha, na mchuzi huo uliwe siku hiyo hiyo.

Siki huingia mwisho, sufuria ikiwa imekwisha kuepuliwa. Sababu zake ni mbili: asidi ikichemshwa pamoja na wanga huuvunja na kuulegeza, na harufu ya siki hupotea motoni. Badala ya siki waweza kutumia maji ya ndimu, au maji ya marakuja (pasheni) yaliyochujwa mbegu, ambayo mimi nayapendelea kwa samaki kwa sababu yana ukali na manukato kwa wakati mmoja. Nanasi pia linafaa, ila lina jambo lake. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini, na samaki akilazwa katika mchuzi wenye maji ya nanasi hilo kwa saa chache atageuka uji. Maji ya nanasi yachemshwe kwanza. Moto unakiua kimeng'enya hicho, na hapo unaweza kuyatia badala ya nusu ya maji ya mwanzoni, ukipunguza sukari kwa kijiko kimoja au viwili. Siki imekwisha kuingia, tia mafuta ya ufuta, koroga mara moja, onja.

Kuonja kwenyewe kufanywe juu ya kipande cha wali au ugali, maana ukilamba mchuzi mtupu utauona mkali mno na utaongeza maji bila sababu. Ukiwa na chumvi kupita kiasi hata juu ya wali, dawa si sukari, ni maji: ongeza vijiko vitatu vya maji, kijiko cha chai cha wanga uliokorogwa, uchemshe tena dakika mbili. Ukiwa mtamu mno, ongeza siki matone kwa matone. Ukiwa hauna kosa lakini hauamshi hamu, mara nyingi kinachokosekana ni tangawizi; kwangua kidogo iliyo mbichi na uikamulie ndani kwa vidole.

Matumizi yake yanategemea chakula. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao walipandikizwa humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanafaa mno kwa mchuzi huu, kwa sharti moja: wakaangwe hadi wawe wakavu, na mchuzi uwekwe pembeni katika kibakuli ili kila mtu achovye mwenyewe. Ukiumwaga juu yao watalainika kabla mama hajamaliza kuwapakulia wageni. Tilapia wa kuchoma na mishikaki ya mbuzi hupakwa mchuzi katika dakika tatu au nne za mwisho tu, tabaka jembamba, geuza, tabaka lingine, kwa kuwa sukari juu ya makaa huungua haraka kuliko nyama inavyoiva. Kwa kuku wa vipande, mkaange kwanza hadi aive, mwaga mafuta yote, kisha mimina mchuzi katika kikaango kilichobaki na moto na ugeuzegeuze hadi kila kipande kivae. Kabichi na karoti zilizokaangwa kwa moto mkali zinahitaji vijiko viwili tu, juu ya wali wa bonde la Ruzizi, na huo ni mlo kamili ukiongeza yai.

Siku ambayo chupa haipatikani, unaweza kupika mchuzi wa namna nyingine kutokana na soya ya nyumbani, mradi usiuite sosi ya soya. Kaanga kikombe kimoja cha soya kavu bila mafuta, kwa moto mdogo, hadi iwe kahawia iliyokolea lakini isiwe nyeusi. Ichemshe katika lita moja ya maji pamoja na uyoga mkavu uliooshwa vizuri, kwa muda wa saa nzima, hadi maji yabaki robo lita, kisha chuja. Soya isiyoiva vizuri huzuia mwili kusaga protini na huleta gesi tumboni, kwa hiyo saa hiyo isipunguzwe. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi na karameli uliyoitengeneza kwa vijiko viwili vya sukari, na uendelee na tangawizi, wanga na siki kama nilivyoeleza. Utapata mchuzi wenye harufu ya kukaanga, mwepesi kwa chumvi, usio na ule uzito wa kuchachuka. Kwa mboga unafaa kabisa. Kwa samaki naona unapwaya.

Kuhusu kuuhifadhi, yategemee umeme wako. Mwenye friji inayofanya kazi kila siku atautia katika chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa, ataufunika ukishapoa, na atautumia ndani ya wiki moja. Mahali ambapo umeme unakatika ovyo ni bora kugawanya kazi: pika hatua ya maji, tangawizi, sukari na sosi, chuja, uhifadhi maji hayo bila wanga wala siki, na kila jioni uchukue kiasi unachohitaji, uutie wanga na siki papo hapo. Kilichokwisha kutiwa wanga kisilale nje ya friji zaidi ya usiku mmoja. Mchuzi uliorudi mezani ambamo watu walichovya vyakula vyao usirudishwe katika chupa. Ukitaka kuupasha moto tena, tia kijiko kimoja cha maji kabla ya kuuweka motoni, moto uwe mdogo, na ukoroge kutoka chini.